Sindano ya Saba

Kikohozi kilitangulia, koti likafuata. Aliingia uani akihema kwa filimbi ile ile ya kifuani, kofia imeshushwa mpaka machoni, na sindano zingali zimemkaa: mbili zimechomoza chini ya kofia, moja kwenye kola, moja katika kila mkono wa koti.

Watu walikuwa wamejaa uani tangu alfajiri. Walipomwona wakaangua kicheko. Eustadia, aliyekaa mkekani na wanawake wenzake, hakucheka. Alilitazama lile koti la kaki, na kifungo cha pili alichokishona yeye mwenyewe kwa uzi mweusi, na moyo ukamwuma.

"Mama Flavia!" sauti ikakwaruza. "Treni imefika? Mchina ananisubiri!"

Wakacheka tena. Hata wifi yake, Josepha, alicheka huku akijifuta macho kwa ncha ya kanga.

Pumu ilikuwa imemkalia Tobias miaka kumi na miwili. Alikwisha kunywa mizizi ya kila mti wa Unyamwezi, akamaliza na vidonge vya misheni. Vumbi la tumbaku likimgusa tu, kifua kinafunga. Kwa hiyo madaktari wa Kichina walipopiga kambi Tabora mjini na sindano zao nyembamba za kuchomekwa ngozini, alikwenda, maana mfa maji haachi kutapatapa. Aliandikiwa sindano kumi, moja kila Jumamosi, kwa sharti moja. Daktari alikuwa na Kiswahili cha kuokoteza, lakini hilo alilitamka sawasawa: "Tumbaku, bani, hapana."

Bani ndilo banda la kukaushia tumbaku, na kijiji chao cha ujamaa kilikuwa hakina kazi nyingine msimu ule.

Na sindano zile zilimfaa, asikwambie mtu. Baada ya Jumamosi ya nne Tobias alilala chali usiku kucha, jambo ambalo Eustadia hakuliona tangu amzae Flavia. Basi kila Jumamosi alimwamsha kabla ya jogoo, akamfungia viazi vitamu, akamsindikiza hadi stesheni ya Igalula. Pale stesheni kulikuwa na Mgogo mpeperusha bendera, na Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, kwenye raha na hata msibani. Akiwaona tu, anaanza: "Nungunungu huyo! Shemeji, usimkumbatie, utachomwa!"

"Cheka tu," Tobias humjibu. "Ukitangulia kufa, nitakuja kucheza ngoma kaburini kwako."

Kijijini, lakini, watu hawakuona pumu. Waliona mwanamume anayepanda treni wakati wenzake wanatoka jasho. Wakamwita kupe. Asiyefanya kazi na asile, wakasema. Na kisimani mwanamke mmoja akasema, Eustadia akisikia, kwamba nyumba ile ina wake wawili, haina mume.

Maneno hayo yalimkaa rohoni. Ijumaa akamwambia mumewe: "Kesho usiende mjini. Ingia bani siku moja tu, watu wakuone."

Hakubishana. Tobias alilitundika koti lake la safari msumarini, na kulipokucha akaenda bani.

Hiyo ilikuwa juzi.

"Baba Flavia," Eustadia akaita. Hakupaza sauti, lakini kicheko kilikatika uani kote.

Josepha akamshika bega. "Wifi, acha."

Hakuacha. "Daktari alikukataza, nikakutuma mimi. Kwa sababu ya midomo ya watu, nikakutuma. Sasa niambie mbele ya watu hao hao. Umenikasirikia?"

Yule aliyevaa koti alisimama, mikono imening'inia, kama mtu aliyepotewa na njia. Filimbi ya kifuani ikanyamaza. Eustadia alijua kwamba asipojibiwa sasa hivi hatajibiwa tena maishani mwake, na hofu hiyo ilimkaba kuliko aibu yote ya kisimani.

Hatimaye akaja, akachuchumaa mbele ya mkeka. Akavuta pumzi mara mbili, polepole.

"Mama Flavia. Nani aliniamsha Jumamosi sita kabla ya jogoo?"

"Mimi."

"Nani alinibebea viazi mpaka stesheni, akasimama pale juani hadi behewa la mwisho likapotea?"

"Mimi."

"Basi hizo sita ni zako. Hii ya saba niachie mimi. Sina kinyongo na wewe, mke wangu. Sina hata chembe."

Eustadia akaangua kilio. Tangu juzi alikuwa hajalia. Macho yalikuwa makavu mpaka wanawake wakaanza kunong'onezana. Sasa alilia kwa sauti, na Josepha akamwacha alie.

Mwanamume akachomoa sindano zake moja moja, akayaweka yale mabua ya ufagio chini kando ya mkeka. Akavua kofia. Akavua koti, akalikunja vizuri, kifungo chenye uzi mweusi kikiwa juu, akalilaza mapajani mwa Eustadia.

"Pole, shemeji," akasema, safari hii kwa sauti yake mwenyewe, na machozi yakimtiririka. Kisha yule Mgogo wa stesheni akainuka, akaingia ndani kuwasaidia wenzake kulitoa jeneza la mtani wake.