Brightness wa Kongwa

"Naitwa Brightness, nina miaka kumi na sita, nasoma Kongwa," aliandika Mwalimu Optatus, mwanamume mwenye kipara na watoto wanne, kisha akajifuta jasho. Joto la ile intaneti kafe ya Chang'ombe lilikuwa limemtoa shati nje ya suruali.

Asubuhi hiyohiyo, mwaka huo wa 2003, alikuwa amewaandikia kidato cha tatu kanuni za intaneti ubaoni. Ya kwanza: Usijifanye mtu mwingine. Aliipigia mistari miwili.

Lakini maji yalikuwa yamemfika shingoni. Mwaka mzima alimbembeleza mkuu wa shule, Bi Mwanahawa, awaruhusu wanafunzi waje kafe mara moja kwa wiki. Mama huyo kila shikamoo aliijibu "Marahaba, chomekea", hata kwa aliyekwisha kuchomekea shati lake. Alikubali kwa sharti moja: siku atakayomkamata mwanafunzi akidanganya watu humo, kipindi kimekufa. Na Optatus alikipenda kipindi kile kuliko mshahara wake.

Sasa kwenye ukumbi wa kuchati ameibuka huyu "Kijana wa Nzuguni", anayewasalimia wasichana wa shule mmojammoja. Optatus hakuwa na shaka. Ni Shaban tu, mtundu wa dawati la nyuma. Alitaka amnase yeye kwanza, amvute sikio kimyakimya kabla mkuu hajanusa.

Kijana alijibu upesi. "Karibu, Brightness. Nina miaka kumi na saba. Je, wazazi wako wanajua uko hapa?"

Mjanja huyu, aliwaza Optatus. Anajitia ustaarabu.

"Hawajui," aliandika. "Tuonane Jumamosi masaa kumi?"

"Si masaa. Ni saa kumi."

Optatus alitabasamu. Kumbe kule nyuma Shaban huwa anasikiliza.

"Nitakuja," Kijana aliongeza. "Ila niambie kwanza, mwalimu wako wa darasa ni nani?"

Hapo Optatus alicheka hadi mwenye kafe akageuka. Mtoto anamchimba mwalimu wake mwenyewe! Siku za mwizi arobaini, na ya Shaban ilikuwa leo. Ulibaki ushahidi tu.

Wiki iliyopita aliwafundisha darasani: ukimshuku mtu mzima anayejifanya kijana, mwamkie. Marahaba itamtoka yenyewe, kwa mazoea. Shaban ndiye aliyecheka kuliko wote. Kwa hiyo akiamkiwa leo ataukumbuka mtego ule na kuleta mzaha, na mzaha huo ndio utakaomfunga.

Optatus aliandika neno moja: "Shikamoo."

Jibu lilifika kabla hajaondoa kidole.

"Marahaba, chomekea."

Mwalimu Optatus aliinuka taratibu kitini, akaanza kuchomekea.