Kofia Mbele ya Kamera

Taa za swichi, kisanduku cha kuunganishia nyaya za kamera, zilikuwa zikiwaka kijani, ndiyo maana hakuna aliyeishuku. Fundi Mwajabu alipiga magoti pembeni ya meza ya mwendesha kinu, akapima waya wa kamera ya shimo la mahindi lililo chini ya kinu. Waya huo mmoja ulipaswa kupeleka mawasiliano na umeme pamoja. Umeme haukuwemo.

Akakagua pawasaplai, kifaa cha kuilisha swichi umeme. Ile ya zamani ilikuwa imeungua, na mtu alikuwa amefunga nyingine, ya volti ishirini na nne. Swichi iliwaka nayo vizuri tu. Kamera ilihitaji volti arobaini na nane.

“Ni hicho tu?” aliuliza Lukindo, mwendesha kinu. Tangu jana walipoutoa mwili wa Sefu, msafishaji, shimoni, hakuwa amekwenda nyumbani.

“Ni hicho tu, kaka.”

“Kioo hiki cha kuonyesha picha kilikuwa cheusi. Nikaona taa zinawaka, nikasema kioo ndicho kibovu. Nikawasha kinu.”

Mwajabu alifunga pawasaplai inayofaa, akakaza skrubu moja moja.

Kiwandani hapo, anayeshuka kusafisha shimo hutundika kofia yake kwenye msumari mbele ya kamera, ili mwendesha kinu ajue kuna mtu chini.

Kioo kikapepesa, kisha picha ikaja: ngazi, vumbi la unga, na kofia ya Sefu ikining’inia msumarini.

Lukindo akanyoosha mkono, akabonyeza kitufe chekundu cha kuzima. Kinu kilikuwa kimezimwa tangu jana. Akakibonyeza tena, na safari hii hakuondoa kidole.