Mtu wa Kwenye Michongoma

Ilikuwa siku ya tatu mfululizo yule mtu amesimama kwenye michongoma, anaitazama nyumba. Shati limepauka mabegani, ndevu zimejiotea zitakavyo, kandambili moja ya bluu na nyingine nyekundu. Mwalimu Idrisa alikuwa barazani anakunywa chai ya asubuhi, akakiweka kikombe chini.

Akamuuliza Mama Shamsia kama anamfahamu mtu huyo. Mama Shamsia alikuwa anachambua mchele, hata macho hakuyainua. Alisema hapa mtaani Bigwa wapita njia ni wengi, wengine wanashuka na ndizi kutoka mlimani, wengine wanapanda. Lakini huyu hakuwa na ndizi, na wala hakuwa anapita.

Shuleni wiki hiyo Idrisa alikuwa anawafundisha kidato cha tano utenzi wa kale wa Wagiriki. Mkuu wa shule alishaguna kwamba kitu hicho hakimo kwenye mtihani, Idrisa akajifanya hakusikia. Kisa kilimkaa moyoni. Mfalme kaenda vitani, kapotea miaka ishirini. Huku nyuma nyumba yake imejaa wanaume wanaomposa mkewe, wanachinja ng'ombe wake, wanakunywa divai yake. Siku ya siku mfalme anarudi amevaa matambara kama ombaomba, na hakuna anayemtambua. Idrisa akifika kwa wale wachumba alikuwa anapandisha sauti mpaka darasa la jirani linanyamaza. Aliwachukia kwelikweli.

Shamsia, aliyekaa dawati la pili, akanyoosha mkono. Binti huyu hata nyumbani alimwita Mwalimu, si vinginevyo.

"Mwalimu, hivi wale wachumba wenyewe walijijua kama ni wabaya?"

"Mtu anayeshiba cha mwenzake hajijui, Shamsia," Idrisa akamjibu. "Andikeni hiyo."

Wakaandika.

Jioni yule mtu alikuwepo tena. Sasa wivu ni ugonjwa, jamani, na Idrisa alikuwa nao wa kulazwa. Ukuta ule aliupaka rangi kwa mkono wake. Mfereji wa paa uliokuwa unamwaga maji mlangoni kila masika, kautengeneza yeye. Chakula cha Mama Shamsia, ule wali wa nazi na kisamvu, ndicho kilichomfanya akatae uhamisho wa kwenda Gairo. Na kuna neno alilokuwa anataka kumwambia mama huyo, kalibeba tangu mwezi wa Ramadhani, kila akikaribia kulisema ulimi unakuwa mzito. Leo aje mwanaume wa michongomani amharibie? Kuna mambo ya zamani Mama Shamsia hakuwahi kuyasimulia, naye hakuwahi kuuliza. Sasa alitamani angeuliza.

Akavuka barabara kwenda kwa Stambuli, fundi cherehani, mtu anayejua mtaa mzima nani kala nini. Stambuli akatoa pini mdomoni, akamtazama yule mtu kwa mbali, kisha akamtazama Idrisa kwa muda mrefu zaidi.

"Yule muache tu, Mwalimu. Wewe umekuja juzi."

Akarudisha pini mdomoni. Idrisa aliondoka pale akiwa na hakika kwamba hata fundi yumo kwenye njama, na pengine ndiye anayepeleka salamu.

Ijumaa, watu wametoka msikitini, sinia lipo mkekani na Idrisa kakaa kwenye kiti barazani anasubiri kukaribishwa. Geti likalia. Geti la nyumba ile lina ukorofi wake, mgeni yeyote hulisukuma mpaka achoke. Yule mtu alilinyanyua kidogo kwa chini, akapita.

Idrisa alihisi damu inampanda kichwani. Kumbe huyu si mara yake ya kwanza kuingia! Kumbe yeye akiwa darasani anahangaika na Wagiriki, mtu anajipitia!

Shamsia alikuwa anaanika sare. Akainama kidogo, akamwamkia shikamoo kama anavyomwamkia mtu mzima yeyote. Yule mtu akamtazama usoni, kisha akazitazama sare kambani.

"Marahaba, mama," akasema mwishowe.

Eti mama! Mazoea hayo kayatoa wapi? Idrisa hakuinuka. Alijipanua kitini, akaweka mguu juu ya mguu.

"Unamtaka nani hapa?"

"Mwenye nyumba."

"Sema na mimi."

Yule mtu akamtazama, akatazama sinia, akatazama ukuta kuanzia chini mpaka juu.

"Nashukuru umeupaka rangi," akasema kwa upole.

Hapo Idrisa akachomoa simu. Alikuwa na namba ya mgambo wa mtaa, kaiweka tangu juzi kwa ajili ya shughuli hii hii. Akaipiga, akaibana sikioni, macho kamkazia yule mtu ili ajue leo amefika mahali pabaya.

Mama Shamsia akatoka jikoni na jagi la maji ya kunawa. Alipofika mlangoni akasimama. Jagi likamponyoka, maji yakatambaa mpaka mkekani, wala hakuyatazama. Alijifuta mikono kwenye kanga, akajifuta tena, mikono ambayo haikuwa na kitu.

"Baba Shamsia," akaita.

Hakuwa anamtazama Mwalimu. Upande wa pili wa simu mgambo alikuwa anauliza kuna nini, na Idrisa, mpangaji wa chumba cha uani, akaikata, akainuka kwenye kiti.