Mabakuli Mawili ya Uji

Hajira alisubiri mgongo wa mke mwenzake upotelee jikoni, akayabadilisha yale mabakuli mawili ya uji, kisha akajilaza tena kwenye mkeka kama mgonjwa asiyejiweza.

Zuhra alirudi na vijiko. Kila asubuhi alisahau vijiko. Hajira alimtazama kwa jicho la pembeni akinywa bila wasiwasi, akamdharau toka utosini hadi kwenye kucha. Mtu amekusudia kuua, na kuua kwenyewe hakujui.

Alikuwa amemwona. Siku hiyo na siku zilizotangulia, Zuhra alifungua pindo la kanga palepale barazani, akatoa unga mweupe kwenye kikaratasi, akautia kwenye bakuli la Hajira na kukoroga. Hata kujificha hakujificha. Lakini ungetarajia nini kwa mwanamke ambaye mume wao Muharami alimwokota huko Makote, akamleta Chiungutwa kurithi mikorosho ambayo Hajira ameipanda kwa mikono yake? Alikuwa akingoja uvimbe wa ini ummalize mwenziwe. Ulipochelewa, akaamua kuusaidia.

Mpumbavu wa pili, kwa hesabu ya Hajira, alikuwa daktari Ethel wa hospitalini Masasi. Msichana wa juzi, miwani mikubwa kuliko uso. Alimchoma sindano, akasema imejaa vifuko vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vya kitu cha jamii ya plastiki, na kila kimoja kimebeba kimeng'enya. Eti vifuko vitakwenda kutulia kwenye uvimbe. Eti kidonge chenyewe si dawa. Kikivikuta vile vifuko, kimeng'enya kinakigeuza kuwa dawa humohumo ndani, kama kiwanda.

"Na asiye na vifuko akikimeza?" Zuhra aliuliza, kwa kimbelembele chake.

Daktari akameza kimoja mbele yao. "Kwangu mimi ni chaki tu. Ila bila vidonge, Mama Salmini, vifuko peke yake havitakuponya. Na ini lako halina muda."

Hajira alisonya. Plastiki mwilini, na chaki juu yake. Walipofika nyumbani alimtupia Zuhra kikopo cha vidonge, akamwamuru akakimwage chooni. Muharami alibembeleza, mwanawe Salmini akapiga simu kutoka Nanganga akilia. Hajira akawaambia wote kwamba hakuna mtu chini ya jua atakayemmezesha uchafu ule. Zuhra peke yake hakubishana. Alisema, "Sawa, Mama Salmini," akaondoka na kikopo.

Basi ikawa hivyo kila asubuhi: unga, vijiko, kubadilisha. Uji wa Zuhra ulikuwa na sukari ya kupitiliza, ulafi wa mtu aliyekulia njaa, lakini Hajira aliunywa wote. Alikuwa akingoja mwenzake aanze kunyauka. Zuhra hakunyauka. Aliyebadilika ni Hajira: macho yakaacha unjano, tumbo likapungua, siku moja akajikuta ameshika jembe. Ndipo alipozidi kuwadharau madaktari. Mwili ukiachwa bila takataka zao, unajiponya wenyewe.

Waliporudi Masasi, Ethel aliitazama picha ya ini, akairudia, akasema uvimbe umenywea kiasi cha kutoaminika. Alimpongeza Hajira kwa kumeza vidonge bila kukosa.

Hajira alikuwa ameisubiri siku hiyo. Akajiweka sawa kitini, akasema hajameza hata kimoja. Kisha akamgeukia Muharami, akamweleza yote: pindo la kanga, unga mweupe, mabakuli. "Sumu ya mkeo ameinywa mwenyewe," alimaliza. "Muulize."

Muharami akamtazama mke wake mdogo kwa hofu. Zuhra alifungua pindo la kanga, akaweka mezani kikopo kitupu.

"Bakuli lako nilikuwa nikilitia unga wa muhogo, Mama Salmini," alisema, "ili unione. Vidonge nilivisaga nikavitia kwenye langu."