Kicheko cha Kiti cha Mbele

"Zima! Clifford, zima hiyo kitu!"

Clifford, aliyekuwa kwenye mashine, akaisimamisha filamu. Ukutani alibaki mzuka ameinua mguu katikati ya majani chai, shuka jeupe limemfunika kutoka kichwani hadi kwenye gambuti. Ukumbi mzima ulikuwa unacheka.

Syprose Aluoch, karani wa ofisi ya shamba la chai, ndiye aliyepiga kelele, na yeye hakucheka. Alikuwa ameitafuta filamu hiyo miezi minane. Ilipigwa huku huku Kiptere mwaka wa 1999, kwa kamera ya harusi, na ukungu wake ulikuwa ukungu kweli. Walioipiga waliungoja wiki tatu. Kanda ya mwisho iliyobaki aliipata Kisumu kwa mzee mmoja, akambembeleza mpaka akakubali inakiliwe. Hakuwahi kuona filamu ya kutisha inayoipita hiyo. Leo, Jumapili baada ya kanisa, alikuwa amefunga mapazia ya ukumbi ili na wengine waone. Meneja naye alikuwa amemwambia wazi kwamba mambo yakiharibika, ukumbi hapewi tena.

Sasa yalikuwa yanaharibika, na aliyeyaharibu ni mtu mmoja.

Alikuwa mama mzee mwenye sweta ya kijani, kiti cha mbele kabisa. Alitoka Siongiroi asubuhi kwa sababu alisikia tangazo redioni. Mganga wa kwenye filamu alipomkata mbuzi koo, mama alikaa kimya. Msichana alipopotea ukunguni, kimya. Lakini kila mara mzuka alipotembea, mama alijipiga paja na kucheka mpaka leso ikaanguka, na vijana wa nyuma wakamfuata.

Syprose akamwinamia. "Kogo," alisema, kama nyanya wanavyoitwa huku, "hapa ndipo watu wanafaa kuogopa. Angalia vile anakuja polepole, bega moja limeanguka. Huyo mtu alijua kazi."

"Alijua, kweli." Mama alipangusa macho. "Samahani, msichana wangu. Sitacheka tena."

Clifford akaiwasha. Mzuka akashuka kilima, bega la kushoto chini, mguu ukichora nusu duara kwenye matope. Akateleza. Akashika kichaka cha chai, akajinyoosha, akaendelea na safari kana kwamba hakuna aliyemwona.

"Woi! Muone! Muone vile anajifanya!" Mama alikuwa amesimama, mikono kichwani, anacheka kwa sauti kama ya msichana.

Safari hii hata meneja alishindwa kujizuia. Syprose alikasirika. Miezi minane! Alimwashiria Clifford asimamishe, akaenda mwenyewe akawasha taa.

"Kogo, nimechoka kukuomba. Tafadhali toka nje. Kama unataka vichekesho, viko kwa TV nyumbani."

Hata vijana wa nyuma waliangalia chini.

Mama hakubisha. Aliokota leso, akaikunja, akaisukuma ndani ya mkono wa sweta. Alitembea taratibu hadi mlangoni, na hapo akageuka kuangalia ukuta, mahali mzuka alikuwa amesimama na mkono juu ya kichaka.

"Jumapili ijayo mtaonyesha tena?"

"Ya nini?" Syprose alimjibu. "Ulete wengine wa kucheka?"

"Hapana. Mimi nitakaa hata nje. Nataka kuleta watoto wangu. Walikuwa wadogo sana, hawakumbuki vile baba yao alikuwa anatembea."