Diski ya Kuamshia

"Mama, tuiwashe kwanza tuone kama iko sawa," mwalimu alisema, blanketi la kufungia kompyuta likiwa begani.

Chepkurui alikuwa amekubali shule iichukue kompyuta hiyo. Duka lao la kupiga taipu pale Chepilat lilikuwa limefungwa tangu amzike mumewe, na ukungu ulishaanza kuota kwenye kibodi.

Akaitoa diski nyeusi kwenye bahasha yake, akaisukuma ndani. Mashine ile haikuwa na kumbukumbu yake yenyewe. Bila diski hiyo haiamki, inakaa tu kama jiwe. Ikakoroma, taa nyekundu ikapepesa, kisha herufi za kijani zikajitokeza kwenye kioo:

CHAMGEI CHEPKURUI

Alikuwa ameisahau salamu hiyo ya lugha ya kwao. Mumewe aliiandika ndani ya diski kumchokoza, maana mkewe asiposalimiwa kwa jina asubuhi hununa hadi jioni.

"Chamgei mising," akaitikia, polepole.

Mwalimu hakusikia, alikuwa anatazama mvua. Chepkurui akazima mashine, akachomoa diski, akaitia ndani ya sweta. Ilikuwa bado na joto kidogo.

"Iko sawa," alisema. "Beba. Lakini diski mtatafuta yenu."

Mwalimu akacheka, akidhani ni mzaha. "Sasa mama, bila mashine hiyo diski itakusaidia na nini?"

Chepkurui akaibana kifuani kwa mikono yote miwili.

"Mwalimu," akauliza, "wewe unajua mimi naitwa nani?"