Njaa ya Shemeji

Tangu msaada wa unga uanze kutolewa kwa kupima njaa ya mtu kiganjani, Siwema, mpimaji, hakuruhusiwa kwenda kazini na tumbo tupu. Alikuwa akivaa glavu ya serikali, akimshika mwombaji mkono, na njaa ya yule mtu ikihamia tumboni mwake. Akiihisi, anampitisha. Asipoihisi, anamrudisha. Akiachia mkono, njaa huondoka na mwenyewe. Ndiyo maana mpimaji sharti ashibe kwanza, asije akachanganya yake na ya watu.

Wiki nzima mama mkwe wake, Bi Somoe, alimwandama. "Shemeji yako Mfaume atakuja kupimwa. Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe."

"Mfaume ana duka, mama. Kiganja hakidanganyi."

Asubuhi ya kupima, Bi Somoe akasema gesi imekwisha. Siwema alikuwa amechelewa, akaondoka bila hata chai.

Mfaume alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Siwema alipomshika mkono, njaa ikamsokota tumbo mpaka akainama.

"Shemeji, hii ni yako au ni yangu?"

Mfaume akatazama chini. "Mpimaji ni wewe."

Akampitisha.

Jioni alikuta jiko la gesi linawaka na wali wa nazi umeiva. "Kula, mwanangu," alisema Bi Somoe bila kumtazama usoni.

Siwema akala mpaka tumbo likakaza. Njaa ilikuwa palepale, ingawa mkono wa Mfaume alikuwa ameuachia tangu asubuhi. Akaisogeza tena sahani karibu, asijue sasa anamlisha nani.